Siku tisa nyuma ya mwenye mofimu

Siku ya 1, 24 Oktoba. Warsaw

Kazi iliyonileta imekwisha jana jioni, likizo imeanza leo asubuhi. Begi kubwa nimeliacha kwa mwenyeji wangu, ghorofa ya nne, lifti mbovu. Nimebaki na begi la mgongoni, koti la kuazima, daftari na siku tisa.

Kisa chenyewe ni hiki. Nimefundisha Kiswahili kidato cha tano na cha sita kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kuhamia kwenye kazi ya kamusi. Kila mwaka, wiki ya pili ya muhula, nilikuwa naandika ubaoni a-na-chez-a, nakata kwa vistari, nasema: mofimu ni kipande kidogo kabisa cha neno chenye maana. Wanaandika, nafuta, tunaendelea. Mwaka mmoja msichana wa HKL (mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza), dawati la nyuma, akanyoosha mkono: "Mwalimu, samahani, hii mofimu ni ya nani?" Darasa likaangua kicheko. Nikamjibu: "Ni ya Wazungu. Kaa." Akakaa. Mimi ndiye sijakaa vizuri tangu siku ile.

Ni ya Mpolandi mmoja, Jan Baudouin de Courtenay, mwanaisimu wa lugha za Kislavi, aliyezaliwa 1845 na kufariki 1929. Neno mofimu alilibuni yeye, kwenye miaka ya 1880. Fonimu hakulibuni; lilikuwa likizunguka Ufaransa kwa maana ya sauti tu, basi. Yeye na mwanafunzi wake mmoja ndio walioligeuza likawa hili tunalowatesea watoto kwenye mtihani. Jina la Kifaransa lisikubabaishe: ukoo wake ulihamia Poland zamani na kujivunia nasaba ya mabwana wa Ufaransa, lakini yeye ni Mpolandi wa kuzaliwa na kulelewa.

Asubuhi nimekwenda chuo kikuu, mtaa wa Krakowskie Przedmieście. Hapa alisoma kuanzia 1862 hadi 1866, na hapa alirudi kufundisha 1918, mzee wa miaka 73. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna maisha mazima ya kuhamahama. Kiswahili kinafundishwa chuoni hapa siku hizi, na kijana mmoja mwenye nywele za rangi ya mahindi alinisimamisha ukumbini: "Shikamoo mwalimu." Nikaitika marahaba huku nimesahau nilikuwa nakwenda wapi.

Jioni nimempigia mama, Tengeru.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bado uko kwa Wapolandi?"

"Bado, mama. Nina siku tisa nyingine."

"Haya. Wa huku bibi yako alikuwa anawauzia ndizi. Watoto wao walijua Kimeru kabla ya Kiingereza."

Mama hakuwaona kwa macho yake, anasimulia ya kusimuliwa. Wakati wa vita vya pili walikuwa karibu 5,000 pale Tengeru, wengi wao akina mama na watoto, waliopelekwa Siberia kwa nguvu, wakatokea Iran, wakafikishwa kwenye migomba yetu. Makaburi yao yapo mpaka leo. Kwa hiyo mtu akiniuliza Poland inanihusu nini, jibu ninalo.

Siku ya 2, 25 Oktoba. Radzymin

Basi kutoka Warsaw kuelekea kaskazini mashariki, kilomita kama ishirini na tano. Mvua ya rasharasha.

Hapa ndipo alipozaliwa, tarehe 13 Machi 1845. Nimeuliza watu watatu. Wa kwanza, muuza mikate, alinielekeza makaburi ya askari. Wa pili, mzee mwenye mbwa, makaburi ya askari. Wa tatu hakungoja nimalize, alininyooshea kidole barabara ileile. Nikaenda, ningefanyaje. Agosti 1920 jeshi la Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, lilifika hapa likielekea Warsaw, na mji huu ulishikwa na kunyang'anywa mara kadhaa kwa siku chache. Misalaba imepangwa safi, majani yamefagiliwa. Mji uliokwisha kumwaga damu kiasi hicho, anayeuliza habari za mwanaisimu ataonekana mtu wa ajabu tu.

Jambo moja nimelielewa hapa kuliko kwenye vitabu. Mwaka 1845 hapakuwa na Poland. Ilikuwa imegawanywa kama nyama ya shughuli: kipande Urusi, kipande Prussia, kipande Austria, tangu 1795. Mtoto wa Radzymin alizaliwa raia wa Kaisari wa Urusi, akiongea lugha isiyo na serikali. Mjini palikuwa na Wayahudi wengi wenye lugha yao, Kiyidi, nayo haikuwa na serikali. Mtu aliyekulia hapo hawezi kudhani kwamba lugha ni kitu kinachotolewa na wizara.

Nimekula supu ya żurek, chachu kama togwa iliyopitiliza, na yai ndani. Nikarudi na basi la saa kumi.

Siku ya 3, 26 Oktoba. Kraków

Treni ya saa mbili na nusu kasoro, na saa tano niko Kraków. Jua limetoka. Nimepita bustani ya Planty inayouzunguka mji wa kale, majani ya manjano mpaka kwenye kifundo cha mguu, hadi mbele ya Collegium Novum, jengo la matofali mekundu la Chuo Kikuu cha Jagiellonia.

Alifundisha hapa kuanzia 1894, upande wa Austria. Aliandikia hapa kitabu kilichonileta kwake, kile cha kubadilishana kwa sauti; Kipolandi kilitoka 1894, Kijerumani 1895. Nimekaa kwenye benchi nikakirudia kichwani kwa mifano ya nyumbani, maana yake imeniingia hivyo tu.

Kipolandi mkono ni ręka, mikono ni ręce: k imegeuka c, inayosomeka kama "ts". Kwa nini? Baudouin anasema usiseme k "imegeuka". Leo hii hakuna kinachogeuka mdomoni mwa mtu. Kuna sauti mbili zinazopishana, na kila moja ina sababu yake. Sababu nyingine ingali hai, nyingine imekufa ikaacha alama. Sasa tazama kwetu. Ulimi, ndimi. Urefu, lakini tunasema kamba ndefu. N ikikutana na l au r, d inaingia yenyewe, hata ungetaka kuizuia. Hiyo ni hai. Lakini pika, mpishi. Andika, mwandishi. Penda, mpenzi. Linda, mlinzi. Iba, mwizi. Ulimi hauna tabu yoyote na "mpiki". Ni kwamba hatusemi. Zamani sana irabu ya mwisho ilikuwa na nguvu ya kuilainisha k. Ile irabu imekwisha kujifia, sisi tumerithi nyumba bila kumjua fundi. Ushahidi? Hakiki. Mtu anayehakiki ni mhakiki. Hakuna mtu aliyewahi kumwita mhakishi. Neno lilitoka Uarabuni, likakuta sheria imezikwa.

Nilicheka peke yangu kwenye benchi. Mama mmoja na kitoto chake wakasogea benchi la pili.

Mkataba wake Kraków haukuongezwa. Alikuwa na mdomo, na serikali ya Austria haikumpenda raia wa Urusi mwenye mdomo. Miaka mitano, akafungasha.

Lakini alikuwa ameacha mbegu. Kijana mmoja aliyemsikiliza hapa, Kazimierz Nitsch, akaja kuwa bingwa wa lahaja za Kipolandi. Na tarehe 6 Novemba 1939 Wajerumani waliwaita maprofesa wote ndani ya jengo hili kwa kisingizio cha hotuba, wakawakamata watu 183. Rekta, yaani mkuu wa chuo, aliyekamatwa, Tadeusz Lehr-Spławiński, alikuwa mtaalamu wa lugha za Kislavi. Nitsch naye alikuwemo, mzee wa miaka 65. Walipelekwa kambi ya Sachsenhausen. Nimesimama mbele ya mlango kwa dakika chache. Wanafunzi wanaingia na kutoka na vikombe vya kahawa.

Siku ya 4, 27 Oktoba. Ndani ya treni, Kraków hadi Vienna

Siku ya dirishani. Nje ni Ucheki: mashamba yaliyolimwa, paa nyekundu, bata.

Sehemu kubwa ya maisha yake siwezi kuifikia safari hii. Iko Urusi, na njia ya huko kwa sasa imefungwa kwa vita. Tartu ya Estonia, alikofundisha miaka kumi kuanzia 1883, ingewezekana, ila nauli imegoma. Basi acha niandike nilichonacho daftarini.

Kazan, ukingoni mwa Volga, mji wa Watatari, mbali na kila kitu. Alifika huko akiwa na miaka thelathini. Profesa kijana, chuo cha pembezoni, wanafunzi wa kuhesabika. Mmoja alikuwa Mikołaj Kruszewski, Mpolandi mwenzake, aliyefundisha shule miaka mitatu huko Troitsk, akidunduliza mshahara, ili tu aje kusoma kwake. Alifika 1878. Hao wawili, kwenye baridi ile, ndio waliokaa wakapambanua sauti inayotoka mdomoni na sauti iliyomo akilini. Ya kwanza haijirudii sawasawa hata mara mbili. Ya pili, ile fonimu, ndiyo inayotufanya tuelewane. Kruszewski aliugua akafa 1887, hata miaka 36 hajatimiza. Ferdinand de Saussure, yule wa Geneva ambaye kila kitabu cha isimu kinaanza naye, aliwataja hao wawili kuwa ndio waliokaribia zaidi kuiona lugha kama alivyoiona yeye.

Sauti ya akilini. Nina mwenzangu ofisini, mtu mwema, kwao r na l hazijatengana. Mwaka wa uchaguzi alitangaza mbele ya wote: "Mimi nimeshakula." Tukamuuliza umekula nini. Akahamaki: "Nimekura! Kituoni!" Masikio yake ni mazima, tatizo ni kwamba ndani kwake kiti ni kimoja, kwetu ni viwili. Nami juzi nimeonja. Wapolandi wana sz na ś, mbili tofauti kabisa. Kwangu zote ni sh. Mwenyeji wangu alizirudia mara sita, taratibu, kwa huruma, kama anayempa mgonjwa uji. Sikusikia kitu.

Kisha Petersburg, 1900 hadi 1918. Hotuba yake ya kufungulia masomo ilisema hakuna lugha duniani isiyochanganyika. Hakuna, hata moja. Mchanganyiko ni wa kwanza, usafi ni hadithi inayokuja baadaye. Ningeomba ichapwe mabango, ibandikwe kila mahali ambapo mtu anasimama kusema Kiswahili si lugha kamili kwa kuwa kina Kiarabu ndani.

Huko huko ndiko alikochukua kamusi kubwa ya Kirusi ya Vladimir Dal na kuihariri upya, juzuu nne, kati ya 1903 na 1909. Aliongeza vidahizo, yaani maneno ya kufafanuliwa, kama 20,000, vya kwake akivifunga kwa mabano ya mraba ili msomaji ajue kipi cha Dal na kipi si chake. Na aliingiza matusi. Yote, na maelezo kamili. Hoja yake: mwanakamusi hana haki ya kuihasi lugha iliyo hai. Wasovieti walipochapa Dal upya baadaye walirudi toleo la zamani, lile lisilo na matusi hayo.

Hapa nina kidonda changu. Kamusi niliyofanyia kazi miaka minne ilikuwa na maneno ya namna hiyo mia na kitu, kila moja na alama yake ya tahadhari. Siku ya kwenda mitamboni mchapishaji aliyafyeka yote, akaniambia kamusi si ukuta wa choo. Mtoto wa sekondari anayajua yote mia na kitu. Kamusi ndiyo isiyoyajua.

Vienna saa kumi na moja jioni. Hosteli, vitanda sita, mkoromaji mmoja.

Siku ya 5, 28 Oktoba. Vienna hadi bonde la Resia

Treni tena, inapanda Alps, mahandaki hayahesabiki. Kupita Tarvisio lugha ya matangazo inageuka Kiitaliano. Nikashuka Udine, nikapanda treni ndogo ya kurudi juu hadi kituo cha Carnia, halafu basi. Tulikuwa abiria wanne. Kwenye mdomo wa bonde, Resiutta, dereva akakata kulia, na milima ikatufunga kama mlango.

Bonde hili liko kona ya kaskazini mashariki ya Italia. Wakazi kama elfu moja. Lugha yao ni ya Kislavi, imekaa humu karne nyingi peke yake, upande mmoja Kiitaliano na Kifriuli, lugha ya mkoa huu wa Friuli, upande wa pili mlima Canin, mita 2,587, na nyuma ya mlima Slovenia.

Giza limeingia mapema. Nimelala San Giorgio, nyumba ya wageni ya mama mmoja asiyetaka maneno mengi.

Siku ya 6, 29 Oktoba. Resia

Siku ndefu, nitaiandika kwa urefu wake.

Kibao cha barabarani asubuhi: San Giorgio, na chini yake Bila. Mbele kidogo Prato, chini yake Ravanca. Gniva, Njïwa. Oseacco, Osoanë. Stolvizza, Solbica. Tazama hizo nukta mbili juu ya irabu. Hizo ndizo zilizomleta Baudouin hapa.

Alikuja mara ya kwanza miaka ya 1870, kijana asiye na kazi ya kudumu, akitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji na daftari. Tasnifu yake ya udaktari ya 1875 inahusu sauti za bonde hili tu. Alikuwa akirudi, tena na tena, hadi 1901. Alichokisikia ni kwamba wana irabu za kawaida na irabu nyingine zenye giza, zinazotoka kama mtu anayepumua ndani ya mtungi, na kwamba irabu za neno moja hazikai ovyo. Moja inamvuta mwenzake. Na kila kijiji kina namna yake. Hakuandika "lugha ya Resia" kwa jumla jumla. Aliandika San Giorgio wanasemaje, Gniva wanasemaje, Oseacco, Stolvizza. Kutoka kimoja hadi kingine mtu anatembea kwa miguu tu.

Irabu kuvutana si jambo geni kwetu. Pigia, pikia, lakini somea, chekea. Hakuna aliyekufundisha, mdomo unajua. Ila Baudouin alipoyasikia hayo miongoni mwa Waslavi alishtuka, akawaza kwamba watu hawa lazima wamechanganyika na kabila fulani la asili ya Asia, wale waliokuwa wakiitwa Waturani. Wenzake waliipinga nadharia hiyo, na kweli haikusimama. Kwa hesabu ile nasi wa Kiswahili tungekuwa Waturani. Ninalipenda kosa hili kuliko mengi aliyopatia: sikio lilikuwa sahihi kabisa, maelezo ndiyo yaliyopotea njia.

Saa saba nimekula mgahawani Prato. Wameleta bonge la njano kwenye ubao wa mti, limefumuka moshi, mwenye mgahawa akalikata kwa uzi uliokazwa mikononi. Polenta, anasema. Ugali, nasema mimi. Unga wa mahindi ya njano, umesongwa mgumu kama wa kwa mama, pembeni jibini iliyokaangwa na viazi, na kitunguu saumu cha bonde hili, chekundu kwa nje, kidogo, kisichowasha sana. Wanakiita strok. Nilimega kwa mkono bila kufikiri. Mwenye mgahawa aliniangalia, akaniacha, kisha akaleta bonge la pili bila kuulizwa.

Mjukuu wake anajua Kiingereza, na kwa kupitia kwake nilimuuliza mzee aliyekuwa anakunywa divai pembeni: lugha yenu ni Kislovenia?

Kijana akasita kabla ya kutafsiri. Mzee akaweka glasi chini. Jibu lilikuwa refu, na mkono ulifanya kazi kuliko mdomo. Tafsiri ilikuwa fupi: "Babu anasema sisi ni wa Resia. Waslovenia wako kule." Mkono ukaelekea Canin.

Wataalamu wengi wanaiweka chini ya Kislovenia, sheria ya Italia ya 2001 inailinda kwa jina hilo la Kislovenia, na wenyeji wengine hawataki kabisa kusikia hivyo. Nimenyamaza. Mwambie Mngazija kwamba anaongea Kiswahili kilichopinda uone atakavyokujibu.

Nikamwonyesha mzee mlima kwa dirisha, nikasema neno la Kipolandi: góra. Akatikisa kichwa. "Hora," akasema, h ya kifuani. Akarudia, "hora," akanigusa koo langu kwa kidole ili nijue inatokea wapi. Kislovenia kina gora, Kipolandi góra, bonde hili hora. Mtu mwingine angekwenda zake. Baudouin angemwomba arudie mara ishirini.

Siku ya 7, 30 Oktoba. Stolvizza

Mguu mosi mguu pili hadi kijiji cha mwisho. Miguu inalalamika.

Kuna jumba dogo la makumbusho la wanoa visu. Wanaume wa hapa walikuwa mafundi wa kuzunguka, wakipita miji ya Austria na Hungaria na gurudumu la kunolea, baadaye baiskeli. Baiskeli yenyewe imesimama pale, jiwe limefungwa mbele ya mpini, mkanda kutoka gurudumu la nyuma. Nimeijua mara moja. Kariakoo ipo vilevile, mtu anakanyaga pedeli bila kwenda popote, cheche zinaruka. Nikawaza lugha iliyojificha bondeni namna hii ilipitaje kila mwaka miguuni mwa watu waliokwenda Vienna na kurudi. Haikujificha, kumbe. Ilikuwa inasafiri na kurudi nyumbani kulala.

Nyumba nyingi ni mpya. Tetemeko la Friuli la Mei 1976 liliangusha za zamani. Watu walihamia mabondeni, wengine hawakurudi. Maandishi ya lugha yao yaliwekewa utaratibu 1994 na Mholanzi, Han Steenwijk. Nimenunua kijitabu cha watoto. Sielewi kitu, ila nukta ninazitambua.

Siku ya 8, 31 Oktoba. Udine, Vienna, treni ya usiku

Mafua. Nimelala nusu ya Austria.

Nilipoamka nikasoma habari za jela. Mwaka 1913 alitoa kijitabu kuhusu haki za mataifa madogo ndani ya dola ya Urusi, akisema kabila lisipewe tu eneo la kutawala, kila mtu awe na haki ya kuchagua mwenyewe ni wa taifa gani, au asiwe wa lolote. Hukumu: miaka miwili. Miaka 69, profesa, mwandishi wa kamusi, anaingizwa gerezani kwa kijitabu. Alikaa miezi kadhaa tu, wakamtoa.

Ungetegemea Poland huru ya 1918 imbebe mabegani. Alirudi Warsaw, akaanza upya: Poland si ya Wapolandi peke yao. Wayahudi, Waukraini, Wabelarusi na Wajerumani nao ni wa kwao. Akatetea hata wasio na dini. Alipata adui wapya, Wapolandi wenzake mara hii.

Tarehe 9 Desemba 1922 Bunge lilipokutana kumchagua rais wa kwanza, wabunge wa makabila madogo walimsimamisha yeye. Duru ya kwanza: Zamoyski 222, Wojciechowski 105, Baudouin 103, Narutowicz 62, Daszyński 49. Mwanaisimu wa tatu kati ya watano! Duru ya pili alishuka hadi 10. Hakuna aliyetegemea ashinde. Zile 103 zilikuwa za kuhesabiwa tu, kuwaambia wengine sisi pia tupo. Duru ya tano kura za walewale zikampeleka Gabriel Narutowicz, akashinda 289 kwa 227, na wapinzani wakapiga kelele kwamba rais kachaguliwa na wageni. Aliapishwa tarehe 11. Tarehe 16 alipigwa risasi akiwa kwenye maonyesho ya picha, akafa.

Mtu mmoja asiyeijua sauti ya r angesema mzee wetu alikula 103. Nimejichekea gizani, mafua yakanikaba.

Siku ya 9, 1 Novemba. Warsaw

Watakatifu Wote. Maduka yamefungwa, mji mzima unakwenda makaburini. Tramu imejaa watu wenye maua ya krisanthemamu mapajani. Nje ya makaburi ya Wakalvini, mtaa wa Żytnia, mama mmoja anauza taa za makaburi, kopo la kioo lenye nta ndani na kifuniko cha bati. Nimenunua moja nyekundu.

Ndani ni padogo, miti mikubwa, unyevu. Nimezunguka nusu saa na karatasi mkononi kabla sijaliona jina. Baada ya siku tisa nilidhani nitakuwa na la kusema. Nilikuwa na baridi tu.

Kiberiti kilikataa. Njiti ya kwanza upepo, ya pili upepo, ya tatu ikavunjika. Mwanamke wa makamo, safu ya pili, aliyekuwa anasugua jiwe kwa brashi, akaja na taa yake inayowaka, akainamisha, akaniwashia, akafunika kifuniko kwa ncha ya ukucha ili asiungue. Akatazama jina kwenye kaburi, akanitazama mimi, akaniuliza kitu. Nilishika neno moja, rodzina. Familia. Anauliza kama mimi ni ndugu wa marehemu.

Nikatafuta Kipolandi changu chote, likatoka neno moja: "Nauczyciel." Mwalimu. Nilikuwa najitaja mimi.

Akaitikia kwa kichwa, akaligusa jiwe kwa kiganja, akasema jambo la upole, la pole hivi. Alielewa kwamba aliyelala pale alikuwa mwalimu wangu. Sikumsahihisha.